Kibaraza Kinachotazama Kufuli

Dalali wa nyumba alikuwa mtu wa maneno matamu, na Fundi alikuwa mtu aliyeshiba maneno matamu hadi yakamtokea puani. Ndiyo maana safari yao iliharibika kabla hata ya kuanza.

"Mzee wangu, huku shamba utalala usingizi wa mtoto," Dalali alisema, akimshikia mfuko.

"Mtoto gani? Wangu wanalia usiku kucha," Fundi akajibu, akaunyakua mfuko wake.

Hakuwa amezaliwa na ukali huo. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa kukaa na kukanyaga pedeli, mdomo umebana pini. Lakini wakubwa wa mji walikuwa wametaka mahali pa kuegesha magari yao, wakaona hapafai pengine ila pale penye vibanda vya mafundi. Askari waliitupa cherehani yake kwenye gari lao kama wanavyotupa mwizi, na alipoikomboa alikuta pedeli imepinda. Hilo angelimeza. Lililomkaa kooni ni la mkewe. Mama watoto alifia kwenye benchi la hospitali, ameketi wima kama mgeni mwenye adabu, na kila Fundi alipouliza aliambiwa daktari yuko semina. Walimzika, na semina ilikuwa bado haijaisha.

Tangu siku hiyo aliapa kwamba atahamia mahali ambapo hata kiongozi akitaka kumfuata, atachokea njiani.

Nyuma yake walikuwa wanatembea watu wake wote. Mama mkwe, aliyekataa kurudi kwao baada ya msiba kwa sababu, kama alivyosema, alizika mtoto, hakuzika wajukuu. Binti mkubwa, mimba ya miezi minane, mkono kiunoni. Mumewe alikuwa utingo wa lori la safari ndefu, na siku hizo alikuwa mume wa kwenye simu tu. Na kitinda mimba, msichana waliyemwita Kidomo, kwa kuwa mdomo wake haukuwahi kufundishwa kufungwa.

"Baba Kidomo," mama mkwe alisema, "nikwambie mapema tusije tukalaumiana. Huyu akishikwa na uchungu, nataka niwe mahali ninapoweza kumfikisha kwenye matibabu kwa miguu yangu hii mibovu. Ukituweka porini, narudi mjini kwa dada yangu, mjukuu wangu narudi naye, na huyu mwenye mdomo nambeba pia. Utabaki na cherehani yako mkazae."

"Mama, nimekusikia."

"Kusikia unasikia. Kuelewa ndiyo kazi."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mwenyekiti wa kijiji. Matofali ya kuchoma, bati jipya, nyuma ya ua wake mwenyewe. Mwenyekiti alitoka akichokonoa meno, akawatazama mmoja mmoja kama anayechagua kuku.

"Karibuni. Hapa mtakuwa chini ya uangalizi wangu."

"Mimi ng'ombe?" Fundi akauliza.

Dalali alikohoa. Binti mkubwa alitazama juu kama anayetafuta mvua.

"Nasema hivi, mkiwa na shida, ofisi iko hapa hapa."

"Ndiyo shida yenyewe hiyo," Fundi akasema, akaaga kwa heshima zote na kuondoka.

Ya pili ilikuwa mlimani. Njia yake ilikuwa ya mawe yanayobiringika, na Fundi aliipanda kama kijana anayekwenda kuposa. Nyumba ilikuwa ya udongo, imara, kimya kimeizunguka pande zote. Kibaraza chake kilikuwa kimekaa sawasawa: ukiketi kushona, mwanga wa asubuhi unakujia kwa bega la kushoto, unaona kila mshono. Hakuna ofisi, hakuna kibao, hakuna bendera. Fundi alivuta pumzi mpaka kifua kikamuuma. Akageuka kuwaonyesha wenzake, akakuta yuko na Dalali na Kidomo tu. Mama mkwe alikuwa ameketi juu ya jiwe katikati ya mlima, na binti mkubwa kando yake, ameinama, anahema.

"Nenda kawaambie nyumba nimeipata."

Kidomo alishuka mbio, akarudi mbio. "Bibi anasema ukitaka kuishi na nyani sawa, yeye hana ukoo huko."

"Mwambie nyani hawaendi semina."

Akashuka, akapanda. "Anasema ni kweli hawaendi. Lakini kuzalisha pia hawajui."

 Kutoka pale juu Fundi aliwaona wote wawili: bibi akimpepea mjukuu kwa ncha ya khanga, na mjukuu akishikilia tumbo kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyebeba chungu kwenye utelezi. Aliitazama tena ile nyumba.  Akaanza kushuka.

Chini, karibu na barabara, walipita mbele ya zahanati. Ilikuwa imepakwa rangi upya, na juu ya mlango yameandikwa majina ya wakubwa walioizindua, marefu kuliko jengo lenyewe. Mlangoni kulikuwa na kufuli kubwa kama ngumi. Mkabala wake, ng'ambo ya barabara, ilisimama nyumba tupu yenye kibaraza kipana, na kwenye ngazi zake aliketi mwanamke, mtoto mchanga amemlalia mapajani.

Dalali aliongeza mwendo. "Twendeni, twendeni, kuna nyingine kule mbele."

"Na hii?" Kidomo akauliza.

"Hiyo haifai. Haikaliwi."

"Ina mashetani?"

"Ina wagonjwa," Dalali akasema kwa kunung'unika. "Wakikuta pamefungwa wanakuja kungoja hapo kibarazani. Huyu anaomba maji, yule anaomba kivuli, mwingine anatapika. Wapangaji wote wamekimbia. Halafu kwako wewe fundi, angalia, kimekaa vibaya. Jua la asubuhi linakupiga machoni."

Lakini Fundi alikuwa ameshavuka barabara.

"Mama, hujambo? Mtoto ana nini?"

"Homa, baba. Tangu jana."

"Daktari yuko wapi?"

Mwanamke aliinua bega moja tu. Ameshauliza, ameshajibiwa, hana tena nguvu ya kukasirika. "Wanasema yuko semina."

Fundi alisimama pale. Mama mkwe, aliyekuwa nyuma yake, alisikia neno lile, naye akanyamaza, jambo lililomshangaza hata Kidomo. Mwanamke yule alikuwa ameketi wima, magoti yamebana, amemwekea mtoto upindo wa khanga usoni. Ameketi kwa adabu.

Fundi alipanda ngazi. Akapima kibaraza kwa hatua, akageuka, akaketi sakafuni kama anavyoketi mtu mbele ya cherehani. Jua likampiga machoni. Mbele yake, sawia na pua yake, lilikuwepo lile kufuli.

"Naichukua," akasema.

"Mzee wangu, nimekwambia jua…"

"Na liwake."

Binti mkubwa alisogea taratibu. "Baba, uliapa."

"Niliapa kuwakimbia. Nimekimbia mpaka huku, nimekuta wamefika kabla yangu." Akajipangusa macho, na hakuna aliyesema kama ni kwa sababu ya jua. "Sasa mwanangu, nikimbilie wapi tena? Nimechoka. Zamu yao kukimbia."

Mama mkwe alitua kifurushi chake ukumbini bila kuulizwa.

Walihamia. Cherehani iliwekwa kibarazani, uso kwa uso na mlango wa zahanati, na kando yake Fundi aligonga benchi refu la mbao. Watu waliposikia kwamba ile nyumba sasa ina maji ya kunywa na haina matusi, waliacha kurudi makwao wakikuta pamefungwa. Walikaa. Kila asubuhi benchi lilijaa, na wote walitazama upande mmoja.

Haikuchukua muda, Mwenyekiti akaja na fimbo yake.

"Fundi, nimesikia unafanya mikutano bila kibali."

"Mikutano gani, mheshimiwa? Hawa ni wateja. Wamekuja kupimwa nguo."

"Wote?"

"Mimi nashonewa gauni," akasema mama mmoja, mtoto mgongoni.

"Na mimi gauni," akasema mzee aliyefungwa bandeji mguu mzima, bila kutabasamu hata kidogo.

Benchi zima lilitikisika. Mwenyekiti alimtazama mzee, akamtazama Fundi.

"Kijiji hiki kina wenyewe. Naweza kukuhamisha."

"Nilishahamishwa na wakubwa kuliko wewe," Fundi akasema, akikanyaga pedeli. "Walikuwa na magari. Wewe una fimbo."

Papo hapo pikipiki ililia barabarani. Alikuwa Daktari, amevaa miwani ya jua, na jua lenyewe lilikuwa limeshatoka kitambo. Fundi aliinua mguu. Cherehani ikanyamaza. Benchi zima likamtazama. Hata Mwenyekiti alijikuta amesimama upande wao, naye anatazama.

"Mnaangalia nini?" Daktari akauliza.

"Kufuli," Kidomo akasema.

Daktari alitafuta funguo mfuko wa kulia, akatafuta wa kushoto. Kila kilichofanyika kilionekana. Mikono yake ilipopata tundu la kufuli, watu kwenye benchi walitazamana, kisha mama mwenye mtoto mgongoni akamgusa binti mkubwa: "Tangulia wewe, mdogo wangu. Tumbo halingoji." Binti akainuka. Bibi yake akainuka naye, mkongojo mkononi, wakavuka barabara bila kuharakisha, wakapita mlangoni wakiwa wa kwanza.

Daktari alibaki kizingitini. "Mzee, nisikilize. Siwezi kuahidi kesho nitakuwepo. Tuna majukumu mengi, tuna vikao…"

"Sijakuomba ahadi. Zenu ninazo nyingi, hata viraka hazifai."

"Sasa unataka nini?"

"Nashona tu." Fundi alipitisha uzi kwenye sindano, jicho moja amelifumba kwa ukali wa jua. "Kesho nashona. Keshokutwa nashona. Ukifungua, nitakuona. Usipofungua, nitakuona pia."

Mwenyekiti, ambaye hakujua tena aende wapi, alisema kwa sauti ya chini, kama anayetoa msaada: "Lakini Fundi, si ungeigeuza hiyo cherehani? Utapofuka."

"Itabaki ilivyo," Fundi akasema, akakanyaga pedeli.