Benzi Iliyotembea na Barabara Yake

Asubuhi ya Jumanne moja ya mwaka 1994, Pasikali Nduwayezu alipiga magoti nyuma ya nyumba ya marehemu Kipriani, mjini Kasulu, akaingiza mkono ndani ya Benzi iliyokuwa imekalishwa juu ya mawe, na kubonyeza kiti cha nyuma. Kiti kilishuka taratibu, kikapanda taratibu. Kuku aliyekuwa ameatamia upande wa pili alimtazama, hakuondoka. Pasikali alibonyeza tena mara tatu, kisha akasimama na kupangusa magoti.

"Nitalichukua," alisema.

Mjane wa Kipriani alikuwa mlangoni anachambua maharage. Alisema gari halina ugonjwa wowote, limekaa tu. Marehemu alikuwa mkandarasi, na alilinunua likiwa jipya mwaka 1979, mwaka aliopewa kazi ya kutia lami barabara ya Kasulu hadi Kibondo.

"Fedha ya barabara ilipoingia, gari likaja," alisema, kama mtu anayeeleza kwamba mvua ilinyesha na mahindi yakaota. "Barabara yenyewe haikuja."

Aliomba jambo moja tu, kuku aachwe mpaka vifaranga vitoke. Pasikali alisubiri wiki mbili.

Hakuwa mtu wa makuu. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa dereva wa lori la ushirika, mpaka walipopunguzwa kazi, na katika miaka hiyo hakuwahi kutamani gari lolote. Alichokuwa akitafuta ni kiti. Mke wake, Kezia, alirushwa kutoka juu ya lori la mihogo mwaka 1988, kwenye korongo moja la barabara hiyohiyo, akaumia mgongo. Alipona kiasi cha kutembea, kupika na kupalilia akiwa amekaa, lakini gari likimtikisa hawezi kuvumilia. Mama yake mzazi alikuwa Kibondo. Pasikali alipokuwa na lori alibeba salamu zao, huku kikapu cha njugu, kule kitenge. Lori lilipoondoka, salamu nazo zikakoma. Mama na mwana walikuwa hawajaonana kwa miaka sita.

Fundi alikuwa Abbasi, mwenye gereji karibu na soko, mtu ambaye ukoo wake ulitoka Tanga na ambaye hakupenda kuharakishwa. Walianza na tairi. Zilipofungwa, wanaume sita walilisukuma gari mpaka kwenye barabara ya Kibondo, na Abbasi akajiingiza chini yake kutazama bomba la moshi.

"Mzee Pasikali," aliita kutoka huko chini, "hapa pana lami."

Pasikali aliinama. Chini ya kila tairi palikuwa na kipande cheusi, upana wa tairi yenyewe. Abbasi alikikwaruza kwa spana.

"Lami nzuri. Imeshindiliwa sawasawa."

Walisukuma gari hatua kumi. Vile vipande vinne vikaenda nalo, na nyuma ukarudi udongo mwekundu na mawe yake. Abbasi akasema bomba la moshi limeoza, libadilishwe vilevile.

Kazi ilichukua miaka miwili, kwa kuwa kila kifaa kilikuja kwa treni hadi Kigoma, na vingine vilikuja visivyo vyenyewe. Springi mpya zilipowekwa, vile vipande viliungana vikawa barabara kamili ya njia mbili, iliyoanza hatua chache mbele ya boneti na kuishia palepale bampa la nyuma lilipoishia. Shokapu ziliisogeza mbele zaidi. Rejeta ilipoacha kuvuja ikatokea mitaro pande zote mbili, imejengwa kwa mawe. Taa kubwa zilipokubali kuwaka, mstari mweupe ulijichora katikati. Abbasi alizoea. Akimaliza kufunga kifaa alimwambia Pasikali alisogeze gari mpaka barabarani, akatazama mbele ya boneti, na kama hakuna kilichoongezeka alijua amekosea kufunga, akafungua upya.

Ilikuwa hivyo kwa barabara ya Kibondo tu. Watu wa Rungwe Mpya walituma mjumbe kuomba gari lipite na kwao. Pasikali alikwenda siku ya Jumamosi, akaenda na kurudi akila vumbi kama wengine. Kwao hakuna mkandarasi aliyewahi kulipwa. Walimshukuru, wakampa mkungu wa ndizi.

Siku moja mjane wa Kipriani aliomba apelekwe mpaka kilimani na kurudishwa. Alikaa mbele, mkoba mapajani. Walipofika juu alisema, "Ilikuwa hivihivi kwenye michoro."

Kiti cha nyuma Kezia alikishona mwenyewe. Alikitoa sufi ya zamani, akajaza mpya, akaweka kitambaa cha kahawia, na kila jioni alikwenda kukikalia ili aone panapombana. Wiki aliyoridhika nacho, nguzo za kilomita zilianza kuota kando ya barabara gari lilipokaribia, nyeupe, zikitaja umbali uliobaki kufika Kibondo.

Waliondoka Agosti, mwaka 1996. Malori ya misaada ya wakimbizi yalikuwa yakipita kwa misururu, na vumbi lake lilifunika migomba. Pasikali aliendesha akimtazama mkewe kwenye kioo.

"Unaumia?"

"Endesha, Baba Niyibizi," alisema Kezia, akimwita kwa jina la mtoto wao.

Walipopita Makere alimwomba asimame. Pasikali alidhani mgongo umeanza. Kezia alishusha kioo, akatazama korongo lililokuwa kando ya barabara. Chini yao palikuwa na daraja fupi la zege lenye kingo zilizopakwa chokaa.

"Ni hapa nilipoangukia," alisema. "Kumbe palikuwa na daraja."

Alikaa akilitazama kwa muda. Kisha akapandisha kioo.

Kibondo walifika kabla ya saa saba mchana. Mama yake alikuwa amekaa kwenye mkeka, anaanika udaga wa mihogo, macho yameshaingia ukungu. Kezia alitembea kutoka kwenye gari bila fimbo.

"Mawe, nimefika," alisema, akimwita mama kwa Kiha.

"Umechelewa," alisema mama.

"Ni barabara."

"Hiyo naijua."

Mama alimkalisha, akampandisha blauzi na kupitisha viganja mgongoni, mfupa kwa mfupa, mpaka alipopata mahali penyewe. Hapo aliacha mkono wake. Pasikali, ambaye kwa adabu ya ukwe hakupaswa kukaa karibu, alikwenda kusimama nyuma ya Benzi, akalia kidogo, kisha akakagua upepo wa tairi.

Baada ya hapo walikwenda kila mwezi, na hawakwenda peke yao. Waendesha baiskeli wenye madumu ya mawese waligundua kwamba lami ni pana, na Benzi ikienda taratibu mtu anaweza kuendesha kandokando yake. Pasikali akapunguza mwendo. Safari ya saa nne ikawa ya siku nzima, na baiskeli ishirini, thelathini, zilikwenda ubavuni kama wasindikizaji wa harusi. Wajawazito waliokuwa wakipelekwa hospitali waliwekwa kando ya Kezia. Dereva mmoja wa basi alijaribu kufuata kwa nyuma, bampa kwa bampa, akaambulia mashimo tu, maana huko nyuma lami ilikuwa imekwisha. Aliudhika, akamwambia Pasikali ni mchoyo.

Mwaka 1997 alikuja mhandisi wa barabara wa serikali. Alikuwa mtu mwenye heshima, shati jeupe, jalada kubwa kwapani. Alipanda, wakatoka nje ya mji, akaomba gari lisimame, akashuka na kupima upana wa lami kwa utepe. Alilinganisha na jalada.

"Ni ileile," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeipata kalamu yake iliyopotea. "Kwetu imeandikwa ilikamilika mwaka themanini na moja."

Alieleza kwamba watu wa ng'ambo waliotoa mkopo wa zamani wanamtuma mkaguzi. Wakiridhika, watatoa fedha nyingine ya kuitunza barabara. Aliomba Benzi imbebe mgeni.

Jioni hiyo Pasikali alimweleza mkewe kwa furaha. Alisema mtu akishaonja lami kwa macho yake, atataka watu wote waipate.

"Atakachokiona ni barabara," Kezia alisema. "Nani anajenga barabara ambayo ameshaiona?"

"Basi nikatae?"

"Usikatae. Na mimi nitakuwemo. Mwambie mhandisi kiti ni changu."

Mkaguzi alifika Desemba, wakati mvua za mwaka ule zilikuwa zimekata njia kila mahali. Alikuwa mzee mpole mwenye kofia, na alimsalimia Kezia kwa kuinama. Alikaa naye nyuma, mhandisi akakaa mbele akitafsiri. Mvua ilipiga kioo, mitaro ikapokea maji yote, na mstari mweupe ulikwenda mbele yao, umenyooka. Mkaguzi alitikisa kichwa kwa kuridhika na kuandika.

Baada ya Makere walikuta malori yaliyokwama, mengine yana siku tano. Benzi ilipoyafikia, kila lori lilijikuta limesimama juu ya lami, matope yakichuruzika kwenye tairi. Madereva walikurupuka kuwasha injini. Kabla hazijashika, Benzi ilikuwa imepita, na malori yakazama tena kwa upole palepale.

Mkaguzi aliuliza kwa nini magari mengi hivyo yameegeshwa kwenye barabara nzuri.

"Wanapumzika," alijibu mhandisi.

Kezia alimgusa mhandisi begani. "Mwambie atazame nyuma."

Mhandisi alijifanya kusafisha miwani.

"Mwambie, baba. Au nimgeuze mwenyewe?"

Mhandisi hakutafsiri. Kezia akamshika yule mzee mkono, akaonyesha kioo cha nyuma. Mkaguzi aligeuka. Nyuma ya bampa palikuwa na matope mekundu mpaka upeo wa macho, na ndani yake wanaume, wamezama hadi magotini, wanasukuma. Mama mmoja mjamzito alikuwa amebebwa kwenye machela, na waliombeba walikuwa wamesimama, hawajui mguu waweke wapi. Mkaguzi alitazama muda mrefu. Alivua kofia. Kisha aligeuka mbele, ambako lami ilikuwa ikitokea, nyeusi na safi, na akaandika mistari miwili.

"Ameandikaje?" Pasikali aliuliza.

Mhandisi aligeuka akasoma. "Barabara ni nzuri. Sehemu ya nyuma ifanyiwe usafi."

Pasikali alisimamisha gari. Kezia alikuwa ameshafungua mlango. Alimwambia mkaguzi kwa mikono asogee, na mhandisi ashuke akae naye nyuma, wabanane. Pasikali akarudisha gari kinyumenyume mpaka kwenye machela, lami ikirudi nalo, wakampakia yule mama mbele, kiti kimelazwa. Mkaguzi alimfunika kwa koti lake. Mama huyo alijifungua Kibondo, saa mbili baadaye, salama. Mkaguzi alifurahi sana. Katika taarifa yake ya mwisho aliongeza kwamba barabara hiyo inaokoa maisha.

Fedha ya matunzo ilitoka mwezi wa tano.

Pasikali hakuwa na raha. Alisema atairudisha Benzi juu ya mawe, kwamba bila yeye uongo ule usingepata miguu. Alikwenda hadi kutafuta mawe yenyewe. Kezia alimfuata uani.

"Ukiipandisha hapo, waliokwama watatoka?"

"Hapana."

"Mama yangu nitamwona?"

Pasikali aliweka chini jiwe alilokuwa amebeba.

"Basi acha mawe. Kesho tuna wagonjwa wawili."

Serikali iliweka kibao mwanzo wa barabara, kinachosema mwendo usizidi kilomita themanini kwa saa. Baadaye askari walianza kuwasimamisha madereva wa malori na kuwauliza kwa nini wanakwenda polepole kwenye lami.

Oktoba 1998, Pasikali alikuwa akipanda kilima cha tatu baada ya Makere, Kezia nyuma, baiskeli kumi na nane ubavuni, alipoona gari likishuka. Lilikuwa jipya, buluu iliyokolea, vioo vyeusi. Chini yake ilikuwapo lami nyingine, mpya zaidi, nene, yenye vioo vidogo vinavyong'aa katikati. Magari yalipokutana, lami mbili ziligusana bila kuacha ufa, na kwa muda huo kilima chote, kutoka chini hadi juu, kilikuwa na barabara. Wanawake waliokuwa wakitoka shamba na mizigo ya mihogo walipanda juu yake, wakatua mizigo, wakafuta tope kwenye miguu.

Kioo cheusi kilishuka. Alikuwa mhandisi.

"Habari za safari, mzee?"

"Nzuri," Pasikali alijibu. "Hongera kwa gari."

"Tunashukuru Mungu."

Kezia alisogea dirishani. "Baba, unaelekea Kasulu?"

"Naelekea Kasulu."

"Hawa akina mama wanaelekea huko pia. Nenda polepole, watembee pembeni yako."

Mhandisi alitazama saa yake. Alisema angefanya hivyo, ila ana kikao cha barabara. Alipandisha kioo, akaondoka kwa mwendo wa kilomita themanini, na barabara yake ikaondoka naye. Wanawake walishuka udongoni mmoja baada ya mwingine, wakainua mizigo na kuendelea na safari.

Waendesha baiskeli walikuwa wamesimama wakitazama. Pasikali aliweka gia ya kwanza, akangoja mpaka wa mwisho alipopanda baiskeli yake, ndipo akaachia breki.