Injini ya Mmarekani

Kipriani alizikwa Jumanne, na binti yake Koleta hakulia. Hakulia kanisani, hakulia makaburini, na waombolezaji walipomkodolea macho wakitafuta hata tone moja, aliwauliza kama wameshapata chai. Watu wa Nachingwea hawana dogo. Kufikia arobaini ilishasemwa sokoni kwamba yule mwalimu ana roho ngumu. Koleta alisikia, wala hakuumia. Hakuna kilichokuwa kinamuuma siku hizo. Alisahihisha madaftari, akapika, akalala, akaamka, basi.

Urithi wake ulikuwa nyumba na gari. Gari lenyewe la Kimarekani, la mwaka 1958, limelala uani chini ya turubai, na mtaa mzima waliliita Mmarekani. Tajiri mmoja wa korosho alimwachia Kipriani, fundi wake, alipohama nchi. Tangu hapo marehemu hakuchoka kumwambia kila mwenye masikio kwamba chini ya boneti ile kuna injini isiyoonekana ovyo. Mnunuzi wa enzi hizo aliweza kuchagua injini aitakayo, alisema, na hii ya silinda nane na kabureta mbili waliichagua wachache, wenye pesa na wazimu kidogo. "Ya kiwandani! Haijaguswa!" Vijana wa bodaboda wakambandika jina la Kiwandani, naye wakimwita anapunga mkono kama mbunge. Ila kufungua boneti watu waone, hilo hakulikubali hata siku moja.

Koleta alikuwa na sababu yake ya kutolia. Kila baada ya miezi mitatu baba yake alivaa shati safi, akaenda Ruangwa kwa kile alichokiita "mteja," akarudi kesho yake mchangamfu kama aliyetoka harusini. Mjini walisema ana mwanamke huko, kijijini Matambarale, anaitwa Mwamina. Mama yake Koleta, Aurelia, hakuwahi kusema neno. Alimfungia mumewe mihogo ya kuchemsha, akamsindikiza hadi barabarani, na Koleta akamwona mama yake mjinga, Mungu amsamehe. Aurelia alipofariki, miaka mitano iliyopita, safari hazikukoma. Kisha siku moja Koleta akafungua sanduku la mama, akakuta nusu ya vitenge havipo, hata kile cha kijani chenye miavuli ya njano ambacho marehemu alikipenda kuliko vyote. Akamuuliza baba yake.

"Nimevipeleka kunakohusika," Kipriani akasema, akaangalia pembeni.

Tangu siku hiyo Koleta alimpa baba yake shikamoo na sahani ya chakula. Mtu anayemvika hawara nguo za marehemu mkewe apewe nini zaidi?

Mwezi wa pili baada ya mazishi, kwenye simu ya marehemu ukaingia ujumbe. Uliandikwa na mtu wa Dar es Salaam aitwaye Mudrik, ambaye kazi yake ya kujifurahisha ni kuorodhesha magari ya zamani ya Kimarekani yaliyobaki nchini. Kipriani alikuwa amemtumia picha ya Mmarekani wiki chache kabla hajafa. Koleta akamweleza kwamba mzee hayupo tena.

"Pole sana, dada," Mudrik akaandika. "Mzee aliniambia anayo ile injini kubwa. Kama ni kweli, mimi sijaona nyingine hapa nchini. Lakini wote husema hivyo. Naomba namba zake, tuhakikishe."

Wote husema hivyo. Maneno hayo yalimpendeza Koleta, kwa kiasi ambacho kitu kiliweza kumpendeza. Alitaka kuona kwa maandishi kwamba baba yake alikuwa muongo. Muongo wa injini, muongo wa mteja, muongo wa yote. Akishajua, basi, hatakuwa na deni la machozi kwa mtu.

Kwa hiyo kila jioni akitoka shuleni alifunua turubai, akashika mswaki mkuukuu na kopo la mafuta ya taa, na Mudrik akawa anamfundisha kwa simu. Usiamini mapambo, alimwambia, wala usiamini kabureta, maana hivyo hufungwa na yeyote. Amini namba. Kuna kibati kwenye mwili wa gari kinachosema lilitoka kiwandani na nini, na kuna namba iliyogongwa kwenye bloku ya injini, ambayo herufi zake za mwisho husema ni injini ya aina gani. Hivyo viwili vikikubaliana, umepata. Zilitengenezwa ngapi, Mudrik hakujua, wala hakumjua anayejua kwa hakika. Wapenzi wa magari haya huzihesabu moja moja, kama watu wanaotafutana baada ya mafuriko.

Kibati kikasafishwa, picha ikatumwa. Mudrik akajibu palepale kwa alama za mshangao mstari mzima. Gari lilitoka kiwandani na injini ile kubwa. Mzee alisema kweli.

Koleta akasoma, akaweka simu chini, akaenda kuchambua mchele. Kesho yake akachukua bisibisi akabandua boneti iliyokataa kufunguka. Namba hakuihitaji. Alihesabu plagi, moja kwa kila silinda, na plagi zilikuwa sita.

"Hiyo ni ya lori, dada," Mudrik akaandika. "Pole. Sasa yenyewe iko wapi?"

Swali hilo Koleta alilipeleka kwa Mzee Agapiti, aliyefanya kazi na baba yake tangu ujana na sasa anauza spea kuukuu karibu na stendi. Agapiti aliposikia boneti imefunguliwa alivua kofia.

"Kaulize Matambarale, kwa Mwamina," akasema. "Mimi nilimwapia Kipriani. Usinilazimishe, mwanangu."

Koleta karibu acheke. Kumbe hata injini alimpelekea.

Jumamosi akapanda gari hadi Ruangwa, akamalizia na bodaboda. Njiani alipanga maneno makali, akayapanga upya, akagundua hayana moto wowote. Alikuwa amechoka tu. Alimkuta Mwamina mlangoni pa mashine ya kusaga, mwanamke mtu mzima kuliko hata Kipriani, mwenye goti bovu, mweupe kwa unga hadi kwenye kope.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye Koleta. Hilo paji la uso ni la Kipriani." Mwamina akamshika mkono. "Siku ya msiba nilipiga simu yake, haikupokelewa."

Koleta alikumbuka. Aliliona jina, akaikata mwenyewe.

"Nimekuja kuona alichokupa baba yangu," akasema.

"Anipe mimi? Kipriani?" Mwamina alicheka hadi akashika mlango. "Mwanangu, yule hakuwahi kuniletea hata sukari. Njoo."

Nyuma ya mashine ya umeme kulikuwa na banda la zamani. Katikati yake, juu ya zege, kitu kikubwa kilikuwa kimefunikwa na kufungwa kwa kamba kama mtoto mgongoni. Nguo ya juu ilikuwa ya kijani, yenye miavuli ya njano. Koleta akasimama.

"Hapa palikuwa pa babu yako Amedeus," Mwamina akasema. "Mashine yake ilikufa injini, na wakati huohuo kijana fundi kutoka Nachingwea akaja kumposa Aurelia. Mzee akasema hataki mbuzi, hataki pesa, alete injini. Basi Kipriani akaing'oa kwenye gari lake."

"Mama alijua?"

"Aurelia ndiye aliyemkataza kutangaza. Alisema hataki kuitwa mke wa injini." Mwamina akaanza kufungua kamba. "Babu yako alipofariki nikanunua banda na vilivyomo. Umeme ulipofika nikamwambia Kipriani, njoo uchukue chuma chako, kinanimalizia nafasi. Akakataa katakata. Ile ni mahari, akasema, na mahari ikirudi Aurelia siyo mke wangu. Mama yako alipofariki nikamwambia tena. Ndiyo kwanza akaniletea hivi vitenge, eti vumbi la unga lisimwingie mkewe."

Koleta akachuchumaa, akawasha tochi ya simu. Bloku yote ilikuwa na masizi ya miaka, isipokuwa mahali pamoja penye upana wa kidole, pamesuguliwa hadi panang'aa. Namba ilisomeka bila taabu. Akaipiga picha, akaituma.

Jibu lilikuja upesi. Ndiyo yenyewe, Mudrik aliandika, herufi zote zinakubaliana. Irudishwe ndani ya gari haraka, yeye mwenyewe atakuja na fundi na winchi, gari la namna hiyo haliwezi kuachwa nusu.

Koleta akaandika kwa kidole kilichokuwa na grisi. "Asante kaka. Hairudi. Iandike kwamba iko Matambarale, ilitolewa mahari."

Mwamina alikuwa amemsimamia, na mkononi ana spana ndefu ya bomba. "Alikuwa anaizungusha kwa mkono, kila akija, isigande. Mizunguko kumi na miwili. Tangu augue haijazungushwa, na mimi goti hili haliniruhusu."

Koleta akaipokea spana, akaivisha kwenye nati aliyoonyeshwa, akavuta. Haikwenda. Akaegemea kwa uzito wake wote, na injini ikaguna ndani, ikaanza kuzunguka. Aliizungusha mara kumi na mbili, akihesabu kwa sauti kama alivyoelekezwa. Kwenye mzunguko wa tano hivi ndipo alipoanza kulia, na hakuacha kuhesabu.