Mawe Yasiyohesabiwa

Kiangazi kile niliota ndoto moja karibu kila siku. Mkuki umerushwa juu ya ziwa, unakwenda, unakwenda, na hautui. Niliamka nimefurahi kama mpumbavu. Dirisha la chumba changu lilitazama ghuba, na kila jioni, jua likiwa limekataa kushuka kama lifanyavyo kiangazi huku kaskazini, nilisinzia nikisikia mawe yakitumbukia majini, moja baada ya jingine. Aliyeyarusha ni Marjut, mwanafunzi wangu. Nami Hilkka, kocha mzima, niliyasikia nikaona ni sauti ya raha tu.

Kijijini kwetu kila mtu hurusha mawe. Katikati ya ghuba kuna mwamba, na mtoto akishajua kusimama anajua pia kuulenga. Wazee huulenga wakisubiri kahawa ichemke. Hakuna anayehesabu jambo hilo kuwa mazoezi. Ni kama kupiga miayo.

Mimi nilikuwa na daftari la kuandikia kila mrusho wa mazoezi. Marjut alikuwa na miaka kumi na tisa, na mkono ambao sijapata kuuona tena kwa mtu. Alirusha mkuki siku mbili tu kwa wiki, mara thelathini, basi. Kabla ya hapo alikimbia, alizungusha kiuno, kisha alivuta mpira mrefu uliofungwa kwenye kitasa cha mlango, ili misuli ya nyuma ya bega ipate nguvu ya kuuzuia mkono ukishafyatuka. Nilimwambia nguvu hutoka miguuni, mkono ni mjumbe tu. Watu walinicheka. Taisto wa kiwanda cha mbao aliuliza kama namfundisha msichana kurusha mkuki au kufungua mlango. Nilimjibu kwamba yeye mlango humshinda kila Ijumaa akitoka kunywa, kwa hiyo aje naye afundishwe.

Mwezi Mei Marjut alirusha mita hamsini na tisa. Mchujo wa timu ya taifa ulikuwa Julai, na kijiji chetu hakijawahi kutoa hata mtu mmoja. Nililitaka jambo hilo kuliko nilivyokuwa tayari kukiri.

Siku nane kabla ya mchujo, Jumamosi, tuliingia sauna yangu ya ufukweni, kibanda cha kuogea mvuke, kama kawaida. Humo hakuna kocha wala mwanafunzi. Nguo hubaki nje, na vyeo pia. Marjut akachota maji kwa kata ili ayamwagie mawe ya moto. Alichota kwa mkono wa kushoto. Akachota tena kwa kushoto, na nusu ya maji ikamwagika sakafuni.

"Wa kulia umekwenda wapi?" nikauliza.

"Upo."

"Unyooshe basi."

Haukunyooka. Kiwiko kilikuwa kimevimba upande wa ndani, na alipojaribu kukilazimisha alifumba macho. Kuna watu wasemao mficha maradhi kifo humuumbua. Kwetu mficha maradhi huitwa shujaa, na picha yake hutundikwa ukumbini.

Akaanza kueleza, kidogo kidogo, mvuke ukimficha uso. Kilianza Juni. Mara thelathini za daftari hakuwahi kuzipita, aliapa. Ila jioni mkono ulikuwa unamwasha kwa hamu, basi akawa anashuka ufukweni. Mawe sitini, siku nyingine mia. Kila moja kwa nguvu zote.

"Lakini hayo ni mawe tu," akasema, na hakuwa anatania.

Nilikuwa nimeyasikia yote. Daftari langu lilikuwa safi kabisa, na yeye alikuwa ameumia chini ya dirisha langu.

"Huendi kwenye mchujo," nikamwambia.

"Napumzika hizi siku nane, kocha. Narusha mara tatu tu. Baada ya hapo huo mkono ukate ukitaka, fanyia supu."

Sitasema uongo, nilifikiria. Mvuke ulikuwa mzito, jua lilipenya kwenye kidirisha, na kwa muda niliuona tena ule mkuki wangu usiotua. Mara tatu ni nini? Daktari angemchoma sindano ya kuua maumivu, naye angerusha.

"Wewe si ulirusha hivyo hivyo na maumivu?" akaendelea. "Picha yako ipo ukumbini, kila mtu anaiona."

Nikainua mkono wangu wa kulia mbele yake. Ulifika usawa wa bega, ukakwama.

"Watu wanadhani napenda nywele fupi," nikasema. "Tangu siku ya picha ile sijaweza kujichana. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Kocha wangu alijua naumwa, akakaa kimya. Na mimi nimesikia mawe yako mwezi mzima, nikafurahi. Ukinikasirikia una haki."

Alinikasirikia. Alitoka bila hata kujitosa ziwani kama ilivyo desturi, akavaa nguo juu ya mwili uliolowa, akaenda zake.

Siku ya mchujo alikuja akaketi kwenye ngazi yangu bila salamu. Redio ilikuwa inatangaza. Aliyeshinda alirusha mita hamsini na saba. Marjut aliinamisha kichwa magotini, nami nililia waziwazi, mtu mzima mimi.

"Mwakani nitaweza?" akauliza baadaye.

"Sijui."

Akatikisa kichwa, akaondoka.

Alirudi Septemba, daktari alipomruhusu. Tulianza na mpira wa kwenye kitasa, kisha kulala kifudifudi na kuinua vichupa vya maji, kazi ya kuchosha isiyopigiwa makofi. Oktoba nikampa kipira chepesi, arushe mara kumi, polepole, ukutani. Nilikuwa naandika. Mara ya nne akarusha vizuri. Mara ya sita akasita, kipira kikiwa mkononi, uso umemwiva kama mtu aliyekamatwa anaiba.

"Kocha," akasema kwa sauti ndogo, "kiwiko kinauma."

Katika miaka yangu yote kijijini pale, hakuna mrushaji aliyewahi kuniambia hivyo. Nilifunga daftari, nikakipokea kipira, tukaenda kunywa kahawa.