Gamba la Chokaa

Kipimajoto kilipogusa nyuzi sabini na nne, Benite aliizima kompresa kabla haijajizima yenyewe. Hamissi, fundi wa siku nyingi wa kiwanda hicho cha oksijeni, akatazama mlangoni. Mitungi mitupu ya hospitali ilikuwa imepangwa pale tangu asubuhi, ikingoja oksijeni.

Tatizo lilikuwa kwenye kipoozeo, pipa refu la chuma lililolala nyuma ya kompresa. Ndani yake ilipita mirija themanini na minne ya shaba yenye maji ya ziwa, na hewa ya moto ilipoa kwa kuizunguka. Miaka ilikuwa imejenga gamba la chokaa ndani ya mirija ile, kama kwenye birika la Asiya, mke wa Hamissi, na joto halikupata tena pa kutokea.

Benite, enjinia aliyetoka Bukavu mwezi uliopita, alikuwa ameshaunga pampu ya asidi. "Saa mbili tu, muzee. Gamba yote inayeyuka, tunarudia ku arobaini kama zamani."

"Ile gamba imezoea pale," Hamissi alisema. "Ungeiacha kwanza."

"Imezoea? Kwani ni mupangaji? Sema tu unaogopa mwanamuke akushinde kazi."

Hamissi hakucheka. Macho yake yalikuwa ukutani, kwenye cheti chake cha fundi hodari. Alikipata wakati wa vikwazo vya biashara, brashi za shaba zilipokosekana mjini, naye akaizibua mirija yote kwa siku moja. Hakuna aliyemuuliza aliizibua kwa kifaa gani. Alikuwa amekata fero ya beto, nondo ya kujengea, akaichonga ncha, akaisukuma ndani kwa nguvu huku akiisikia shaba ikilia. Mirija saba ilikwaruzika vibaya. Baadaye ilianza kuvuja matone kama jasho, kisha gamba jipya likaziba nyufa zake. Alimshukuru Mungu, akanyamaza.

Sasa asidi ingelila gamba hilo. Umeme ukikatika tu, msukumo wa hewa ungeshuka, maji yangepenya upande wa hewa na kulowesha chembe zinazochuja oksijeni. Zikilowa, kiwanda kimekwisha. Na lawama ingekuwa ya Benite, maana asidi ni yake.

Benite aliweka kidole kwenye swichi ya pampu.

"Ngoja, madamu."

Hamissi alichukua chaki. Akachora duara saba kwenye kifuniko cha kipoozeo, kila moja mbele ya mrija wake. "Hizi niliziharibu mi mwenyewe, na fero ya beto. Gamba ndiyo inazishikilia. Ziba hizi kwanza."

Benite alitazama duara, akatazama cheti.

"Ni saba? Una hakika?"

"Saba." Alisogeza chaki hadi ukingoni mwa kifuniko. "Ama nane. Ile ya pembeni nilianza nayo, mukono haukuwa umezoea."

"Tunaziba nane."

Walifungua kifuniko, wakagonga vizibo vya shaba kwenye mirija minane, wakafunga, wakapitisha asidi kwa pampu. Alasiri kompresa iliwashwa tena. Sitini. Hamsini na mbili. Arobaini na tatu, na hapo mshale ukatulia.

"Sasa tuizime," Hamissi alisema. "Tuone kama maji imepita."

Waliizima, wakangoja nusu saa. Benite akakinga kiganja chini ya koki ya upande wa hewa, Hamissi akaifungua taratibu. Ilipuliza kidogo, ikanyamaza. Kiganja kilikuwa kikavu. Hamissi naye akakinga chake, akakaa hivyo mpaka mgongo ukamuuma.

"Kesho tunaangalia tena," alisema.

"Kila asubuhi, muzee," Benite alijibu, akaenda kuita watu wa mitungi.