Lenzi ya Kumnasa Kahiga

"Usipepese, mzee. Angalia mbele tu," alisema Jepleting, mpimaji wa macho hospitalini, akigusisha tena ncha ya kipimo kwenye jicho la kulia la Mzee Dalmas. Dawa ilikuwa imelitia ganzi. Mtoto wa jicho alikuwa mzito hata mwanga wa mashine ulishindwa kupenya, ndiyo maana urefu wa jicho ukapimwa kwa kugusa.

"Ukijua urefu, unajua lenzi ya kuweka?"

"Kwa kukaribia. Lakini lenzi tutakayokuwekea ukipasuliwa hainyumbuki kama ile uliyozaliwa nayo. Inaona vizuri umbali mmoja, kwingine unavaa miwani. Sasa wewe unataka kuona wapi?"

"Mbali," akajibu Eucabeth, binti yake, kutoka kwenye benchi. "Juzi nusura agongwe na pikipiki akivuka barabara."

"Hujaulizwa wewe." Mzee Dalmas alinyoosha mkono, kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo. "Hapa. Ubao wa drafti unapokaa."

"Baba! Unachagulia jicho drafti?"

Mzee Dalmas hakuwa mtu wa kurusha maneno. Tangu astaafu kazi ya reli, kila alasiri alicheza na Kahiga, fundi viatu wa nyuma ya kituo. Kete zao ni vifuniko vya soda: vya Kahiga hulala kifudifudi, vyake hulala chali. Ukigeuza kimoja, kimehama jeshi. Ukungu ulipoingia machoni, Dalmas akaanza kushindwa, na muda mrefu alijilaumu mwenyewe. Kisha siku moja akapapasa kete yake ya kona, akakuta meno ya kifuniko yanatazama chini: imegeuzwa kuwa ya Kahiga. Alipouliza, Kahiga alipaza sauti kila mtu asikie: "Mzee, hata vidole vimeingia mtoto wa jicho?" Watu wakaangua kicheko. Hata Kigen muuza kahawa, ambaye zamani alimwita Bingwa, alicheka. Kicheko hicho Dalmas hulala nacho na kuamka nacho.

"Si uvae miwani ya karibu ukicheza?" Jepleting aliuliza.

"Akiniona na miwani ataacha kuiba. Mimi sitaki aache. Nataka aibe watu wakiwa wamejaa, nimdake mkono kifuniko kikiwa bado vidoleni."

Jepleting alitua kipimo mezani. "Na barabara, mzee?"

"Miwani nitavaa barabarani. Nikikaribia kwake naitia mfukoni, napapasa ubao kama kipofu wake."

"Na ukiisahau nyumbani?" Eucabeth aliinuka kwenye benchi.

"Siku hiyo sivuki."

Alisema hivyo kwa upole sana hata binti yake akaogopa.

Jepleting alitazama kioo cha mashine, akatikisa kichwa. "Vipimo vyako havikubaliani. Nikikosea kidogo, huo ubao utakuwa ukungu tena. Rudini kesho, jicho lipumzike. Na unipimie kutoka jichoni hadi ubaoni ukiwa umekaa kama kawaida. Usikisie."

Jioni walimkuta Kahiga akigonga soli.

"Mzee! Hospitali wamesemaje?"

"Wanasema macho yamezeeka."

"Pole, boss. Kaa basi nikuchape moja kabla ya giza."

Eucabeth alifungua mdomo. Babake akambana mkono. Wakacheza. Zamu ikiwa ya Dalmas, akiwa bado anafikiri, alisikia kifuniko kikigusa mbao, tik. Akaacha kete, akanyoosha kiganja.

"Kahiga, nikatie uzi wa viatu."

"Unataka kushona macho?" Kahiga alitania, Kigen na wenzake wakacheka. Kahiga akakata uzi mrefu, akampa, kisha akainama kutafuta msumari uliomponyoka.

Dalmas alishika ncha moja kwenye nyusi, akashusha nyingine hadi katikati ya ubao, akafunga fundo hapo. Aliukunja uzi polepole, akautia mfukoni.

"Umechoka, mzee? Umebakiza kete chache tu!"

"Ziache hivyo hivyo," alisema Dalmas, akipapasa bega la binti yake. "Kesho nina kazi asubuhi."