Abiria Aliyepandia Mwika

Aristides alianza kumsindikiza mkewe safarini kabla hata saruji ya kaburi lake haijapakwa chokaa.

Mkewe, Dominika, alikuwa fundi cherehani wa Majengo, hapo Moshi mjini. Alishona sare za shule, na kila siku ya soko alizipakia kwenye gari la marehemu akazipeleka Tarakea, mpakani. Lilikuwa gari dogo la Kijapani la rangi ya fedha, na ndimo alimofia mumewe. Masika ya mwaka uliopita, Aristides alikuwa akirudi kutoka kwa mama yake Useri, mvua ikamzidi, akaegesha pembeni ya barabara angoje ipungue. Aliacha injini ikiunguruma apate joto. Waliomkuta walidhani kalala. Hospitali walisema ni moyo, na Dominika hakuuliza zaidi. Mume akishakufa, jina la ugonjwa linamsaidia nani?

Ndugu walimsihi auze lile gari. Akakataa. Mara ya kwanza alikataa kwa sababu ya kazi. Baadaye alikataa kwa sababu Aristides alikuwa humo.

Hakumpata mjini. Kutoka Moshi hadi Himo ni joto na vumbi, vioo viko chini, kelele za barabara zinaingia zote. Hata Marangu alikuwa bado peke yake. Lakini akishafika Mwika, ukungu unashuka kutoka mlimani na kulala juu ya migomba, baridi inauma vidole, naye anapandisha vioo na kufungulia hewa ya moto. Hapo ndipo mumewe alipopandia.

Kwanza ulikuja uzito kwenye kiti cha kushoto, kama mtu anayejiweka sawa. Kisha harufu yake, sabuni ya kipande na kahawa iliyokaangwa. Siku nyingine ilikuja na sauti, ile sauti iliyomfundisha kuendesha: "Punguza gia, Domi. Usiliumize gari."

Dominika hakugeuza kichwa. Alijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba akigeuka atakuta kiti kitupu. Aliangalia barabara akamsimulia habari za nyumbani: mtoto kafaulu hesabu, mwenye nyumba kapaka rangi, cherehani ya zamani imekatika mkanda. Mkono mzito ulikuja ukatua begani kwake. Kichwa kilimgonga, macho yakajaa machozi, naye akaona kwamba hiyo ndiyo adhabu ya kukaa karibu na wafu, na kwamba anaiweza. Akifika Tarakea na kufungua mlango, mumewe anakuwa ameshaondoka. Dominika husimama ameegemea gari mpaka kizunguzungu kiishe, ndipo awasalimie wateja.

Hakumwambia mtu, hata padri. Alianza kuingoja siku ya soko kama msichana anayengoja kuposwa. Alivaa kitenge kizuri. Alijipaka mafuta mazuri. Majirani wakasema afadhali, mjane ameanza kupoa.

Mwezi wa sita, shule zilipofungwa, alimchukua binti yake Kindness ampeleke kwa bibi yake Useri. Kindness alikuwa na miaka kumi, mtoto wa maneno mengi. Alijilaza kiti cha nyuma katikati ya marobota ya sare na kuimba njia nzima mpaka Mwika. Vioo vilipopanda, akanyamaza.

Dominika alikuwa na wasiwasi. Aliogopa mumewe hatakuja kwa kuwa kuna mtu mwingine ndani. Lakini alikuja, uzito ule ule, harufu ile ile, na mkono ukatua begani. Ukungu ulikuwa mzito hata migomba ya kando ya barabara ilionekana kama watu waliosimama kutazama msiba ukipita.

"Mama," Kindness alisema taratibu, "baba anaimba wimbo gani?"

Moyo wa Dominika uliruka. Kwa muda wote ule alikuwa amejiuliza kimoyomoyo kama anaanza kurukwa na akili. Sasa kumbe si yeye peke yake.

"Unamsikia, mwanangu?"

"Yupo hapa nyuma. Amenilaza kichwa mapajani kwake."

Dominika alitabasamu, kisha tabasamu likamgandia usoni. Mkono bado ulikuwa begani kwake. Aristides alikuwa mbele, kushoto, amejiegemeza kama kawaida yake. Basi huyo aliyempakata mtoto huko nyuma alikuwa nani?

Kwa mara ya kwanza tangu safari zile zianze, akageuza kichwa.

Kiti cha kushoto kilikuwa na mkoba wake na chupa ya maji. Nyuma, Kindness alikuwa amelala mdomo wazi, kichwa kimening'inia kwenye robota la sare, uso umekuwa na rangi asiyoijua.

"Kindness!"

Mtoto hakuitika.

Hakukumbuka jinsi alivyosimamisha gari. Alikumbuka kwamba miguu yake haikumtii, kwamba alianguka alipotoka, akatambaa mpaka mlango wa nyuma na kumburuta mwanawe kwenye nyasi zilizolowa. Baridi ilimpiga mtoto usoni, akatapika. Dominika alipiga yowe. Kutoka kwenye ukungu akatokea mwendesha bodaboda aliyebeba ndoo za maziwa. Akazishusha zote barabarani, akawapakia mama na mtoto, na hakuuliza kitu mpaka mlango wa kituo cha afya.

Tabibu wa zamu aliitwa Violet. Alimbana Kindness kidoleni kwa kipimo kidogo kinachoonyesha oksijeni iliyomo kwenye damu, kikasema hali ni nzuri. Violet akakitazama, akamtazama mtoto, akakitoa. "Hiki leo kinadanganya," alisema, akamvisha mtoto barakoa ya oksijeni.

Kindness alipofumbua macho na kuomba maji, tabibu alimketisha Dominika, akamvisha naye barakoa yake. Kisha akauliza, "Vioo mlikuwa mmefunga?"

"Ndiyo. Baridi."

"Gari linanuka petroli?"

"Kidogo. Limezoea."

"Nani mwingine alikuwa ndani?"

Dominika alijibu kabla hajafikiri. "Baba yake."

"Yuko wapi tumwangalie na yeye?"

Dominika aliishika barakoa, hewa ikivuma ndani yake. "Alifariki mwaka jana," alisema.

"Pole sana, mama. Alifia wapi?"

"Humo humo garini."

Violet aliacha kuandika. Alivuta kiti akakaa karibu kabisa, magoti kwa magoti. "Nisikilize, dada yangu. Kuna moshi wa injini usioonekana wala kunuka, hata kipimo changu huudhani ni hewa safi. Unamlaza mtu, unamwonyesha mambo, halafu haumwamshi. Hilo gari usiliwashe tena."

Gari lilivutwa kwa kamba mpaka Majengo, kwa fundi Filemon, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, jirani yao wa siku nyingi. Dominika alimweleza habari ya moshi. Ya Aristides hakumweleza.

Filemon alianza na dashibodi. Mahali pa taa moja palikuwa pamebandikwa kipande cha utepe mweusi. Alikibandua kwa ukucha, akawasha swichi bila kuwasha injini, na taa ya njano yenye umbo la injini ikawaka.

"Nani aliziba hii?"

"Mume wangu. Alisema inamkera."

Filemon alikikunja kile kipande cha utepe akakitia mfukoni. Alichomeka mashine yake ya kupimia, akasoma, kisha akafunua boneti na kuingiza tochi kule ekzosi inakoanzia, pale inapokutana na injini. Akamwita.

"Unaona huu weusi kama masizi ya jikoni? Gasketi, kile kibati kinachoziba kiungo hiki, imeungua. Moshi unatokea hapa badala ya kwenda nyuma. Na hapa juu yake ndipo gari linapovuta hewa ya kukupasha joto." Akashusha tochi kidogo. "Na hii hapa ni sensa ya oksijeni."

"Sensa? Ile ya kuhesabu watu?"

Filemon alicheka kidogo. "Hii inahesabu hewa. Kazi yake ni kunusa moshi unaotoka na kuiambia kompyuta hewa iliyobaki ni kiasi gani. Hewa ikiwa nyingi, kompyuta inaongeza petroli. Ikiwa kidogo, inapunguza. Sasa gasketi ikitoboka, hewa ya nje nayo inapenya. Sensa inanusa hewa isiyotoka kwenye injini. Inadhani gari lina njaa. Petroli inaongezwa, moshi unakuwa na sumu zaidi, na sumu ndiyo mnaivuta nyinyi. Tena hii yenyewe imezeeka. Hata nikiziba tundu, itaendelea kusema uongo."

Dominika aliushika ukingo wa boneti. "Imeanza lini?"

"Kwa masizi haya? Si ya jana. Mwaka na zaidi."

Walitazamana. Filemon alikuwa amelibeba jeneza la Aristides begani, upande wa mbele. Alizima tochi.

"Mama Kindness," alisema, "pole upya."

Angeweza kulia hapo, lakini kilichomtoka kinywani kilimshangaza hata yeye. "Fundi, usilifungue leo. Nataka kwenda nalo mara moja tu. Peke yangu. Mpaka Useri na kurudi."

"Kufanya nini?"

"Kuna mtu hatujaagana."

Filemon alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Nje watu walikuwa wakitoka msikitini, viatu vikiburuzika. "Mimi ni fundi wa magari," alisema. "Naweza kukwambia moshi ulipitia wapi. Nani mwingine alipitia hapo, siwezi kujua, na sitakubishia. Lakini nyumbani mmebaki wawili tu, wewe na Kindness."

Dominika alisimama akilitazama lile gari. Alisikia kabisa, pembeni ya sikio lake, mtu akivuta pumzi kama anayetaka kusema jambo. Hakuwa ndani ya gari wakati huo. Alikuwa amesimama juani, hewa safi tele, na kwa hilo akaogopa kuliko siku zote.

"Fungua," alisema. "Nikiwa hapa hapa."

Kutu ilikuwa imeing'ang'ania sensa. Filemon aliinyunyizia dawa ya kulainisha kutu, akaiacha inywe, akaivisha soketi yenye mpasuko wa kupitishia waya, akavuta. Ilitoa mlio mkali, mrefu, mlio ambao Dominika alikuwa ameusikia mara moja tu maishani, siku walipofunika jeneza kwa misumari. Kilichotoka kilitoshea kiganjani, ncha yake nyeusi tititi. Filemon alifunga gasketi mpya, akaibana, ndipo akaizungusha sensa mpya kwa vidole kwanza, bila kuigusa ncha, akaikaza kwa kipimo. Alifuta makosa kwenye mashine na kuwasha injini. Taa ya njano haikurudi. Injini ilikuwa tulivu kama haipo.

Siku ya soko iliyofuata Dominika alipanda mlima. Mwika ukungu ulikuwepo. Alipandisha vioo, akashusha kimoja kiasi cha vidole viwili, akangoja. Mamsera ikapita, Mkuu ikapita. Kichwa hakikuuma. Kiti cha kushoto kilikuwa kiti. Alijikuta akiongea hata hivyo, habari za mtoto, habari za cherehani, na kila neno lilirudi kwake kama limerushwa ukutani. Alilia mpaka Useri.

Mama mkwe wake, Bibi Justina, alikuwa kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, akikata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho yako hivyo?"

Walikaa jikoni. Dominika alimweleza yote, la gari, la moshi, la mtoto. Na kwa kuwa hakubaki na cha kuficha, akamweleza pia aliyekuwa akipandia Mwika.

Bibi Justina aliliweka panga mapajani, akasogeza kuni jikoni. Moto ulipasuka.

"Siku ile ya mwisho," alisema, "alikaa hapo ulipokaa. Akaniambia, 'Mama, marehemu baba ananisindikiza. Nikifunga tu vioo, mzee huyo kiti cha kushoto, ananiambia nisikimbize gari.' Nilifurahi, Dominika. Nikamwambia asiogope, amsalimie baba yake. Akaondoka na mvua, anacheka."

Dominika alisogeza kigoda chake karibu. Alimshika mama mkwe mkono, mkono mkavu, mwepesi, na wakakaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Kisha Bibi Justina akainuka. Tangu mazishi alikuwa hajaligusa lile gari. Likija, alizunguka nyuma ya nyumba asilione. Sasa alienda ukingoni mwa kihamba, akachuma majani mawili ya masale, mmea ambao Wachagga huombea radhi na amani, akafunga kanga yake vizuri, akasema, "Nipeleke pale alipofia."

Ilikuwa mchana, ukungu umeanza kupasuka. Dominika aliegesha mahali palepale, juu ya bonde lenye migomba, akazima injini. Bibi Justina alikuwa amekaa nyuma; kiti cha mbele alikikataa bila kusema sababu. Alishuka, akaweka majani ya masale kwenye nyasi, na kuongea kwa Kichagga, taratibu, kama mtu anayewaamsha watu waliosinzia safarini na kuwaambia wamefika. Alitaja jina la mumewe. Alitaja jina la mwanawe.

Halafu alikwenda upande wa kushoto, akafungua mlango wa mbele mpaka mwisho, akasogea pembeni na kusimama. Upepo ulipita. Dominika, mikono kwenye usukani, hakugeuza kichwa. Bibi alingoja kwa muda unaomtosha mtu mzima kushuka, na baada yake mwingine, mzee zaidi, mwenye magoti mabovu.

Ndipo akaufunga mlango polepole.

"Haya," alisema akiingia nyuma, "turudi, majani ya ng'ombe yananyauka."