Jioni za Bwana Shauri

Siku Bwana Shauri wa boma la Dodoma alipopanga safari yake ya mapumziko kisiwani Mafia, Sikudhani, dobi wake, alikuwa barazani kwa Bwana akimpigia pasi kaptula. Kabla ya kupitisha pasi alizilainisha kwa mate, ingawa maji yalikuwepo.

Mezani palikuwa na ramani, bilauri na saa mbili za mfukoni, moja ikifuata jua la Mafia, nyingine la Dodoma. Bwana aliziangalia kwa zamu akinuna. Alikuwa amegundua kwamba kule jua hutangulia kuzama, na jioni zake ni za joto na mbu.

"Nitachukua na za hapa," alimwambia karani wake, Halfani. "Ya kule ikiisha, nafungua ya Dodoma, yenye upepo. Jioni mbili kila siku."

"Barabara kabisa, Bwana," alisema Halfani, ambaye angejibu hivyohivyo hata angeambiwa avue suruali sokoni.

Basi jioni za boma zikatiwa kwenye makasha, wapagazi wakayafikisha stesheni wakilalamikia uzito tu. Garimoshi likaondoka na Bwana, tumbo lake, mwavuli wake na jioni za watu.

Sikudhani alikuwa na lake. Mumewe, Yahaya, alikuwa akivunja mawe ndani ya ua wa boma kwa kosa la kumpita Bwana bila kuvua kofia. Alikuwa atolewe Ijumaa asubuhi, lakini Yahaya, mjuaji wa Kondoa, alibisha: kwa Waislamu siku huisha jua likizama, usiku wa kuamkia Ijumaa ni Ijumaa tayari, sasa aulalie ndani kwa nini? Bwana, kabla ya kusafiri, alicheka, akakubali. Ikawa amri: atoke Alhamisi jua likizama. Yahaya alijisifia huo usiku mmoja wiki nzima.

Alhamisi Sikudhani alimpelekea ugali wa uwele na mlenda. Nje ya ukuta giza liliingia, ng'ombe wa Wagogo wakarudi zizini. Ndani, jua lilibaki palepale juu ya paa, na nyundo ziliendelea kugonga.

"Kaka Halfani, mtoe basi."

"Jua halijazama, dada. Si unaliona?"

"Jioni zake si mmezibeba wenyewe?"

"Amri haisemi nani kabeba."

"Ptuu! Na wewe ni mtoto wa Kondoa!"

Halfani alijifuta shavu, akafunga lango. Tangu hapo Sikudhani alikuja na chakula kila giza lilipoingia nje, akakipitisha chini ya lango kwenye mwanga. Mvua zikanyesha, uwele ukapandwa, ukavunwa.

Bwana akarudi, amebabuka pua, na makasha matupu. Moja tu lilikuwa na mabaki. Alilifungua barazani ili anywe bia yake kwenye ubaridi, na jua la boma likazama.

Yahaya alitoka na ndevu nyeupe, mgongo umepinda. Alikula mlenda wote.

"Leo siku gani?" aliuliza.

"Alhamisi," alisema Halfani. "Umetoka kwa wakati, kama ulivyotaka."

Kesho yake Bwana alitandaza tena ramani, akauliza kama asubuhi za Dodoma nazo zinafungika. Halfani akasema barabara kabisa. Sikudhani akatia makaa kwenye pasi, akavuta kaptula, akatema.